Saa zao ni zetu, tarehe zao ni mtihani: namna ya kuisoma kalenda ya Warumi

Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anaposimulia siku aliyouawa mtawala Julius Caesar, anasema bwana mkubwa alisitasita kutoka nyumbani, mwili haukuwa mzuri, mpaka Decimus Brutus akambembeleza na yeye akatoka ikiwa yapata hora quinta. Msomaji wa Kiingereza akifika hapo huhitaji tanbihi chini ya ukurasa. Mswahili hahitaji kitu. Hora quinta ni saa tano. Saa tano asubuhi, ileile ya chai ya pili.

Warumi waliugawa mchana sehemu 12 kuanzia jua linapochomoza, na usiku sehemu 12 kuanzia linapozama. Hora tertia ni saa tatu, hora sexta ni saa sita jua likiwa utosini, hora nona ni saa tisa alasiri. Wahispania walilichukua neno sexta wakalifanya siesta, usingizi wa saa sita. Ndiyo maana pia Biblia ya Kiswahili inasomeka bila kigugumizi pale giza linapoingia saa sita hata saa tisa, au vibarua wa shamba la mizabibu wanapoajiriwa saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Nchi ile ilikuwa chini ya Roma, saa zilihesabiwa hivyo, na wafasiri wetu hawakulazimika kugeuza hata moja.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza, Mrumi akisema hora quinta pengine anakusudia muda wote wa saa ya tano, tangu saa nne kamili hadi saa tano kamili, kwa hiyo usimbane kwa dakika. Ya pili ni kubwa zaidi: saa yao ilivutika. Mchana wa Roma mwishoni mwa Desemba una saa 9 hivi za leo, na mwishoni mwa Juni una kama 15. Ukigawanya kila mmoja kwa 12, saa moja ya baridi inakuwa dakika 45 na ya kiangazi dakika 75. Vibarua wa Juni waliofanya kazi "saa kumi" walifanya kazi kweli. Dar es Salaam saa hiyohiyo ingecheza kwa dakika mbili tatu tu mwaka mzima. Kwa maneno mengine, mfumo wa saa wa Warumi unakaa vizuri zaidi kwetu kuliko ulivyokaa kwao.

Walipotaka kuupima kwa chombo walianza vibaya. Mwaka 263 KK Valerius Messalla, konsuli, yaani mmoja wa wakuu wawili wa nchi waliotawala kwa mwaka mmoja, aliteka mji wa Catania, Sicily, akarudi na saa ya jua, wakaisimamisha hadharani. Saa ya jua huchorwa kwa ajili ya mahali maalumu: mwelekeo wa kijiti na nafasi za mistari hutegemea umbali wa mji kutoka ikweta. Catania iko zaidi ya nyuzi nne kusini ya Roma, kwa hiyo mistari ile haikukubaliana na jua la Roma. Mwandishi Pliny Mkubwa anasema waliifuata hivyohivyo kwa miaka 99, hadi mwaka 164 KK ilipowekwa nyingine iliyochorwa kwa Roma. Na siku ya mawingu hata hiyo haikufaa. Saa ya maji ilikuja miaka mitano baadaye.

Basi, saa ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye tarehe.

Mrumi hakusema "tarehe 17". Kila mwezi ulikuwa na nguzo tatu, na siku nyingine zote zilitajwa kwa umbali wake kutoka nguzo inayokuja. Nguzo ya kwanza ni Kalendae, siku ya 1. Ya pili ni Nonae, siku ya 5. Ya tatu ni Idus, siku ya 13. Ila katika Machi, Mei, Julai na Oktoba, Nonae ni siku ya 7 na Idus ni siku ya 15. Miezi hiyo minne ikariri kama jina lako; nusu ya makosa ninayoyaona hutokana na kuisahau.

Asili ya nguzo hizo ni mwezi wa angani. Hapo kale kuhani mdogo alitazama mwandamo, kisha watu wakaitwa penye kilima cha Capitolium na kutangaziwa kama Nonae zitakuja siku ya tano au ya saba. Anayejua pilikapilika za kuutafuta mwezi wa Ramadhani ataielewa picha hiyo upesi. Kuita kwa sauti kwa Kilatini cha zamani ni calare, na ndiko Kalendae zilikopatia jina. Siku hiyo ilikuwa pia ya kulipa riba, hivyo daftari la mkopeshaji likaitwa kalendarium. Neno "kalenda" linaloning'inia ukutani mwako lilianza kama daftari la madeni. Wagiriki hawakuwa na Kalendae, na Augustus, aliyetawala baada ya Caesar, alikuwa na mazoea ya kusema kwamba watu fulani watalipa "Kalendae za Kigiriki", yaani kamwe.

Sasa hesabu yenyewe. Warumi walihesabu kwenda nyuma, na walihesabu ncha zote mbili: siku unayoanzia na siku unayofikia zote zimo. Usishangae, hata juma letu liko hivyo. Jumatatu ni siku ya tatu ukianza na Jumamosi yenyewe kama mosi, ijapokuwa kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa siku mbili tu. Mrumi naye akisema "siku ya tatu kabla ya Idus", Idus yenyewe ni ya kwanza, jana yake ni ya pili, juzi yake ni ya tatu. Idus ikiwa tarehe 13, siku hiyo ni tarehe 11, wala si 10.

Kwa kalamu inakuwa hivi. Kwa Nonae na Idus, chukua tarehe ya nguzo, ongeza 1, toa namba iliyoandikwa. Kwa Kalendae, chukua idadi ya siku za mwezi unaoisha, ongeza 2, toa namba iliyoandikwa. Unaongeza 2 kwa sababu Kalendae zimo ndani ya mwezi unaofuata: hatua moja ni ya kuvuka mpaka wa mwezi, nyingine ni ya ile ncha ya pili. Kanuni ileile hufanya kazi kinyumenyume ukitaka kuigeuza tarehe yetu iwe ya Kirumi.

Jaribu. Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, alizaliwa a.d. III Non. Ian. Herufi a.d. ni ante diem, "kabla ya siku"; Non. ni Nonae, Kal. ni Kalendae, Id. ni Idus, na linalofuata ni jina la mwezi. Nonae za Januari ni 5. 5 na 1 ni 6. Toa 3, unabaki na tarehe 3 Januari. Lupercalia, ile sikukuu ya vijana kukimbia na vipande vya ngozi ya mbuzi wakiwachapa wanawake wanaotaka uzazi, ni a.d. XV Kal. Mart. Februari ina siku 28. Ongeza 2 upate 30. Toa 15: tarehe 15 Februari. Parilia, sikukuu ya wachungaji iliyokuja kuhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa mji wa Roma, ni a.d. XI Kal. Mai.: 30 na 2 ni 32, toa 11, tarehe 21 Aprili.

Hapo kwenye Lupercalia angalia tena, kwa maana ndipo wengi wanapoanguka. Imeandikwa Machi lakini siku iko Februari. Kuanzia siku inayofuata Idus, mwezi wote uliobaki hubeba jina la mwezi unaokuja. Anayesoma harakaharaka huandika "Machi 15" na anapotea mwezi mzima. Na kwa kuwa Idus za Machi nazo ni tarehe 15, kosa linavaa sura ya ukweli.

Kuna kipimo kidogo cha kujikagua. Ukigeuza tarehe yetu ukapata 1, basi siku hiyo ni nguzo yenyewe na huandiki namba. Ukipata 2, andika pridie, "siku ya kuamkia". Hakuna Mrumi aliyeandika a.d. II kwa kawaida. Ukipata sifuri, umekosea. Na ukipata zaidi ya 19, umekosea pia, kwa kuwa hakuna mwezi unaofika huko: mkubwa kabisa ni XIX, siku ya baada ya Idus katika Januari, Agosti na Desemba.

Uzito wa hesabu hizi unaonekana Pompeii, mji uliofukiwa na mlima Vesuvius. Pliny Mdogo alikuwa na miaka 17, akiwa ng'ambo ya ghuba huko Misenum, mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 BK. Miaka mingi baadaye alimwandikia mwanahistoria Tacitus barua. Nakala inayotegemewa zaidi inasema siku ile ilikuwa nonum Kal. Septembres, yapata hora septima. Agosti 31, ongeza 2, toa 9: tarehe 24 Agosti, saa saba mchana. Vitabu vya shule viliishia hapo.

Wachimbaji hawakuridhika. Walikuta matunda ya vuli, makomamanga kwa mfano, majiko ya mkaa ya kuotea moto ndani ya nyumba, na divai ikiwa imekwisha kufungwa kwenye mitungi ya kuchachushia. Mambo hayo si ya Agosti ya Italia. Kisha mwaka 2018, katika nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa, likatokea andiko la mkaa ukutani likianza na XVI K NOV. Fanya mwenyewe: mwezi unaoisha kabla ya Kalendae za Novemba ni Oktoba, wenye siku 31, 33 kutoa 16 ni 17. Tarehe 17 Oktoba. Mkaa juu ya chokaa haudumu, mguso wa bega unatosha kuufuta, kwa hiyo wengi wanaona uliandikwa vuli ya mwaka huohuo wa 79, na mlipuko ukafuata siku chache baadaye. Wenye shaka wanakumbusha kwamba andiko halina mwaka, na kwamba mkaa ungeweza kubaki tangu vuli iliyotangulia.

Jambo linalonivutia ni udogo wa kosa linalotakiwa. Ukiiacha IX ilivyo na ukageuza jina la mwezi tu, Septembres likawa Novembres, unapata 33 kutoa 9, tarehe 24 Oktoba. Barua ilinakiliwa kwa mkono karne baada ya karne, miezi ikifupishwa, namba zikiandikwa kwa vijiti na misalaba. Miezi miwili ya historia inaning'inia kwenye neno moja la mwandishi aliyechoka. Hukumu yangu inaelekea Oktoba, ila nisingeweka rehani nyumba.

Hayo yote ni ya kalenda iliyotengenezwa na Caesar. Kabla yake, weka kalamu chini kwanza.

Mwaka wa zamani ulikuwa na siku 355. Machi, Mei, Julai na Oktoba zilikuwa na 31, Februari 28, miezi saba iliyobaki 29 kila mmoja. Kasoro ya siku kumi na kitu iliponywa kwa kuingiza mwezi wa ziada: Februari ilikatwa baada ya tarehe 23 au 24, kisha ukaja mwezi wa siku 27 uliomeza zile siku zake za mwisho. Mwaka wa namna hiyo ulifika siku 377 au 378. Mjini Anzio ilipatikana kalenda ya ukutani ya enzi hizo, imechorwa kwa rangi nyeusi na nyekundu juu ya lipu, na safu yake ya 13 ni mwezi huo wa ziada. Ndiyo pekee ya kabla ya Caesar iliyotufikia.

Shida haikuwa hesabu. Shida ilikuwa nani anaamua. Kuingiza au kutoingiza mwezi ulikuwa uamuzi wa makuhani waitwao pontifices, nao walikuwa wanasiasa wenye majoho. Mwezi wa ziada ulimrefushia mtu cheo chake cha mwaka mmoja na ulimpa faida mkusanya kodi. Kuukataa kulimkatia adui muda. Matokeo yake jua lilikwenda njia yake na kalenda yake. Tunajua umbali wao kwa sababu kupatwa kwa jua hakudanganyi. Mwanahistoria Livy anaandika kwamba jua lilipatwa a.d. V Id. Quint. mwaka 190 KK, yaani tarehe 11 ya mwezi ambao leo ni Julai. Wanafalaki wakirudisha hesabu wanalikuta tukio hilo tarehe 14 Machi. Kalenda ilikuwa imetangulia karibu miezi minne. Mwaka 168 KK, mwezi ulipatwa usiku wa kuamkia vita vya Pydna; kwa kalenda ya Roma ilikuwa mwanzoni mwa Septemba, kwa jua ilikuwa tarehe 21 Juni. Pengo lilikuwa limepungua, bado halijazibwa.

Kwa hiyo ukikuta jeshi linavuka bahari "Januari" usiwahurumie kwa baridi kabla ya kukagua. Caesar aling'oa nanga kumfuata adui yake Pompey tarehe 4 Januari 48 KK. Majira ya kweli yalikuwa ya Novemba. Yeye mwenyewe alikuwa kuhani mkuu tangu mwaka 63 KK, lakini alikuwa Gaul, Ufaransa ya leo, akipigana, na mwezi wa ziada ukawa unasahauliwa mwaka hadi mwaka.

Aliporudi alilipa deni lote kwa mkupuo. Mwaka 46 KK uliongezewa mwezi wa kawaida wa ziada, ambao ukiondoa siku za Februari ulizozimeza uliongeza siku 23, ukafika 378; kisha kati ya Novemba na Desemba ikaingizwa miezi miwili yenye jumla ya siku 67. Siku 445. Mwandishi Macrobius aliuita mwaka wa mwisho wa vurugu. Fundi wa hesabu alikuwa Sosigenes, aliyejua mambo ya Misri, ambako mwaka wa siku 365 ulikuwa wa kale. Cicero hakufurahi. Mtu alipomwambia kwamba kundi la nyota la Lyra litachomoza kesho, alijibu: "Ndiyo, kwa amri."

Siku kumi za nyongeza zikatawanywa: mbili mbili kwa Januari, Agosti na Desemba, moja moja kwa Aprili, Juni, Septemba na Novemba. Februari haikuguswa, maana ilikuwa mwezi wa wafu na utakaso. Kila siku ya nyongeza iliwekwa mwishoni mwa mwezi ili sikukuu zisisogee. Na kweli hazikusogea, ila majina yake yalisogea, na hapa ndipo ujanja wote ulipoharibika. Saturnalia ilikuwa a.d. XIV Kal. Ian. Desemba ilipokuwa na siku 29: 31 kutoa 14, tarehe 17. Sasa Desemba ina 31, na tarehe ileile 17 inaitwa a.d. XVI Kal. Ian. Watu wakajiuliza, tufuate siku au tufuate jina? Baadhi walisherehekea siku moja, wengine siku nyingine, na sikukuu ambayo watumwa walikaa mezani na mabwana ikazidi kurefuka. Sidhani kuna aliyelalamika.

Siku ya kuzaliwa ya Augustus ina mtego huohuo. Ni a.d. IX Kal. Oct., nasi tunaandika 23 Septemba. Lakini alizaliwa mwaka 63 KK, Septemba ikiwa na siku 29, kwa hiyo kwa hesabu ya siku ile ilikuwa tarehe 22. Siku ya Cicero haina tatizo hilo, kwa kuwa inahesabiwa kutoka Nonae na Nonae hazijali urefu wa mwezi. Basi kanuni ni hii: tarehe ya Kalendae iliyo kabla ya mwaka 45 KK, tumia urefu wa zamani wa mwezi, na usidai kwamba unajua majira.

Robo ya siku inayobaki kila mwaka ilizibwa kwa mwaka mrefu. Siku ya ziada haikuwekwa tarehe 29. Walirudia siku ya sita kabla ya Kalendae za Machi, tarehe 24 Februari, ikawa "ya sita mara ya pili", bis sextus. Katika mwaka huo tarehe 24 ni VI, 25 ni VI tena, 26 ni V, na kuendelea hadi 29 ambayo ni pridie. Ukisahau hilo, siku zako za mwisho wa Februari zote zitapinda kwa moja. Pwani yetu nayo ina mwaka wa jua wa siku 365, unaofunguliwa na Siku ya Mwaka, Nairuzi, na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa asili mwaka huo hauna mwaka mrefu, hivyo husogea siku moja kila miaka minne ukiulinganisha na Januari na Februari. Mabaharia waliijua hali hiyo wakaishi nayo. Caesar aliona aikomeshe.

Akauawa kabla ya kuona amri yake ikitekelezwa, na makuhani wakaharibu. Amri ilitaka siku iongezwe kila mwaka wa nne. Wao wakahesabu kwa desturi yao, ncha zote mbili, na kwa hesabu hiyo mwaka wa nne hufika baada ya miaka mitatu. Ile tabia inayotutesa sisi tunaosoma tarehe zao iliwatesa wenyewe. Katika miaka 36 waliongeza siku 12 badala ya 9. Augustus aligundua, akaagiza miaka 12 ipite bila nyongeza yoyote ili zile siku tatu zimezwe, ndipo mpango ukatengemaa.

Hapa niondoe uzushi mmoja unaorudiwa sana, kwamba Augustus aliiba siku moja ya Februari ili mwezi wake usiwe mfupi kuliko wa Caesar. Si kweli. Mwezi huo ulikuwa na siku 31 tangu marekebisho ya Caesar, ukiitwa bado Sextilis, na Februari ilikuwa na 28 hata kwenye ule ukuta wa Anzio. Hadithi inatokana na mwanazuoni wa karne ya 13, Sacrobosco. Kilichotokea ni jina tu: Quintilis ulipewa jina la Julius mwaka 44 KK, na Sextilis jina la Augustus mwaka 8 KK. Wengine walijaribu wakashindwa. Nero aliuita Aprili kwa jina lake, Domitian alitwaa Septemba na Oktoba, Commodus alibadilisha yote 12, na kila mmoja alipokufa miezi ilirudi ilikokuwa. Tiberius alipoombwa auchukue mwezi aliuliza watafanyaje wakifika Kaisari 13.

Ndiyo maana Septemba, neno linalotoka kwenye saba, ni mwezi wa tisa. Mwaka wa kale ulianza Machi. Makonsuli walianza kuingia kazini Januari 1 mwaka 153 KK tu, kwa sababu ya haraka ya vita vya Hispania. Anayeona ajabu atazame juma letu: Jumatano ina tano ya Kibantu na kesho yake Alhamisi ina tano ya Kiarabu. Tuna tano mbili zinazofuatana na hakuna anayechelewa kazini kwa ajili hiyo.

Kalenda za ukutani zina herufi ambazo pia zinafaa kujulikana. A hadi H zinazunguka, kwa kuwa soko lilikuja kila siku ya nane. Wao waliliita nundinae, "la siku ya tisa", na sababu yake umeshaijua. F ni siku ambayo hakimu anaweza kusikiliza kesi, N hawezi, C watu wanaweza kukutana kupiga kura. Tarehe 15 Juni ina Q.ST.D.F.: siku inakuwa halali mara baada ya taka za hekalu la Vesta, mungu wa kike wa moto wa nyumbani, kutolewa nje. Asubuhi hakuna kesi, fagio likimaliza kazi mahakama inafunguliwa.

Utagundua pia kwamba sikukuu karibu zote ziko kwenye tarehe witiri. Namba shufwa zilionekana na nuksi, ndiyo sababu miezi ya zamani ilikuwa ya 29 na 31. Sikukuu ya siku tatu huruka siku moja moja: Lemuria, ya kufukuza mizuka ya wafu, ni tarehe 9, 11 na 13 Mei. Baba wa nyumba huamka usiku wa manane pekupeku, hunawa mikono, hutupa maharage meusi nyuma bila kugeuka huku akisema mara tisa kwamba anajikomboa yeye na watu wake, kisha hugonga shaba na kuwaambia wazee watoke. Ukiona tarehe shufwa umeipata kwa sikukuu ya kale, rudia hesabu. Isipokuwa ni Regifugium, tarehe 24 Februari, au mbio za farasi za 14 Machi. Hizo ni shufwa kweli.

Umebaki mwaka. Warumi waliutaja kwa makonsuli wawili waliokuwa madarakani, kwa hiyo unahitaji orodha yao. Waliohesabu tangu kuanzishwa kwa mji, kwa hesabu ya mwanazuoni Varro, ni rahisi: toa namba yao kwenye 754 upate mwaka KK, na ikizidi 753, toa 753 upate BK. Mwaka 709 wa mji ni 45 KK. Usitie mwaka sifuri katikati. Na orodha ya makonsuli nayo isomwe kwa jicho: mwaka 59 KK makonsuli walikuwa Caesar na Bibulus, lakini Bibulus alijifungia nyumbani akitangaza ishara mbaya za angani, naye mwenzake akafanya kila kitu peke yake, hata watu wa mjini wakawa wanatia saini hati zao za utani "katika mwaka wa makonsuli Julius na Caesar".